Vazi la Mwanafunzi Muuguzi na Haki ya Mgonjwa ya Kumtambua

Mgonjwa aliyelazwa hujifunza kusoma mavazi kabla hajajua majina. Siku ya pili tu wodini huwa amekwishabaini kwamba mwenye koti refu jeupe huja asubuhi na kuondoka, kwamba mwenye mkanda kiunoni ndiye anayetoa maagizo, na kwamba kuna vijana wanaokuja wengi kwa pamoja, wenye daftari mfukoni, ambao hurudi mara tatu kupima shinikizo lile lile la damu. Hao wa mwisho ndio asiokuwa na hakika nao. Huwaita nesi, sista, wakati mwingine hata daktari, kwa kuwa hakuna aliyemwambia waitweje. Mmoja wao anapomshika mkono na kuanza kuutafuta mshipa, mgonjwa humeza swali ambalo adabu inamzuia kulitamka: huyu amehitimu, au bado anajifunza?

Swali hilo ni la zamani, na jibu lake liliwahi kushonwa katika kitambaa. Historia ya sare za wanafunzi wauguzi kwa kawaida husimuliwa kama habari ya urembo: picha za rangi ya kahawia, kofia zilizotiwa wanga, nyuso za wasichana wasiocheka. Usimulizi wa namna hiyo huacha nje mambo mawili yenye uzito, yaani nani alinufaika na vazi lile, na mgonjwa aliambiwa nini kwa vazi lile. Historia ya shule moja, ile ya hospitali ya Bellevue jijini New York, yatosha kuyaweka wazi yote mawili.

Bellevue ni hospitali ya umma iliyoanzia mwaka 1736, nayo kwa vizazi vingi ilikuwa kimbilio la maskini wa jiji hilo. Kabla ya mwaka 1873 haikuwa na wauguzi waliofunzwa. Kazi ya kuwahudumia wagonjwa ilifanywa na yeyote aliyepatikana, wakiwamo wanawake waliohukumiwa vifungo vifupi kwa ulevi na makosa madogo madogo, ambao walipelekwa wodini badala ya gerezani. Mwaka 1872 jumuiya ya raia iliyoasisiwa na Louisa Lee Schuyler ilituma kamati ya wanawake kuitembelea hospitali hiyo, na waliyoyakuta huko, uchafu wa vitanda, wa nguo na wa vyumba vyenyewe, yaliwashtua kiasi cha kutotaka kungoja. Mwezi Mei 1873 shule ya uuguzi ikafunguliwa, ikifuata misingi ambayo Florence Nightingale alikuwa ameiweka katika hospitali ya St Thomas', London, tangu mwaka 1860. Mwaka huo huo wa 1873 shule nyingine mbili za aina hiyo zilifunguliwa Marekani, moja New Haven na nyingine Boston.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwa miaka mitatu ya kwanza wanafunzi wa Bellevue hawakuwa na sare. Walivaa nguo zao wenyewe, na walipotakiwa kuvaa vazi la namna moja walisita. Kusita kwao hakukuwa ukaidi wa ujana. Katika miji ya Marekani ya wakati ule, mtu aliyevaa sare ndani ya nyumba ya mwingine alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo. Binti aliyetoka katika familia yenye kujiheshimu, aliyekubali kusomea kazi iliyokuwa imeachiwa walevi na wafungwa, hakutaka juu ya hayo avishwe alama ya mpishi au mfua nguo.

Aliyeufungua mlango huo alikuwa mwanafunzi mmoja, Euphemia Van Rensselaer, wa ukoo wa kale na wenye jina kubwa jijini humo. Mwaka 1876, kama kumbukumbu za shule zinavyosimulia, alipewa ruhusa ya siku 2, akarudi akiwa amevaa gauni refu la pamba lenye michirizi ya buluu na nyeupe, aproni nyeupe, kola na vikono vyeupe, na kofia nyeupe kichwani. Vazi lilimkaa vizuri, na aliyelivaa hakuwa mtu ambaye yeyote angethubutu kumwita mtumishi. Baada ya muda mfupi wenzake wote walikuwa wamevaa hivyo.

Ipo tabia miongoni mwa watu wa tiba ya kulieleza vazi hilo kana kwamba lilizaliwa kwa ajili ya kuzuia vijidudu. Sivyo. Mwaka 1876 ndio mwaka ambao Robert Koch alichapisha kazi yake juu ya kimelea cha kimeta, na madaktari wengi wa New York walikuwa bado hawajaafiki kwamba viumbe wasioonekana kwa macho husababisha maradhi. Usafi uliokusudiwa na aproni ile nyeupe ulikuwa kwanza usafi wa sifa: kumtenga muuguzi mpya na yule mwanamke wa zamani aliyetoka mahabusu. Kwamba nguo nyeupe huonyesha doa mapema ilikuwa faida ya ziada. Lililoifanya sare ikubalike ni hadhi ya mvaaji wa kwanza, na ukweli huo si wa fahari sana kwa taaluma inayopenda kusema kwamba hufuata ushahidi.

Hata hivyo vazi lilienea, na pamoja nalo ilikua lugha kamili ya alama. Wahitimu wa Bellevue walitoka wakaongoza shule nyingine. Isabel Hampton, kwa mfano, alihitimu hapo, na mwaka 1889 akawa mkuu wa kwanza wa shule ya uuguzi ya Johns Hopkins huko Baltimore. Kila shule ilijitungia kofia yake, ndogo au kubwa, yenye mikunjo au iliyonyooka, hata ikawezekana kumtambua muuguzi alikosomea kwa kumtazama kichwani. Tangu mwaka 1880 wahitimu wa Bellevue walikuwa na beji yao, iliyotengenezwa na Tiffany, yenye korongo katikati, ndege anayechukuliwa kuwa mfano wa kukesha. Mwanafunzi mpya aliingia bila kofia. Baada ya miezi kadhaa ya majaribio, akionekana anafaa, alivishwa kofia mbele ya wenzake. Katika shule nyingi utepe uliongezwa kwenye kofia kadiri miaka ilivyosonga. Na katika karne ya 20 ikawa desturi iliyoenea Marekani kwamba mwanafunzi huvaa rangi au michirizi chini ya aproni, ilhali mhitimu huvaa nyeupe tupu kuanzia kofia hadi viatu.

Mgonjwa hakuhitaji kwenda shule ili kuielewa lugha hiyo. Mwenye michirizi anajifunza. Mwenye nyeupe tupu amemaliza. Asiye na kofia ameanza juzi. Hapo ndipo ulipo wema wa sare ile, na ni wema unaostahili kutajwa kabla ya kuyataja mabaya yake, kwa maana mabaya yenyewe si madogo.

Baya la kwanza ni kwamba hospitali ziligundua upesi kuwa mwanafunzi ni mfanyakazi wa bei nafuu kuliko wote. Shule 3 za mwaka 1873 zilikuwa zimefika 432 mwaka 1900, na 1,129 mwaka 1910. Wingi huo haukuletwa na mapenzi ya elimu peke yake. Hospitali iliyofungua shule ilipata mikono ya kufanya kazi saa nyingi kwa siku, kwa malipo ya chumba, chakula na posho ndogo ya kila mwezi ambayo katika shule kama Bellevue ilielezwa kuwa ni ya mavazi na vitabu, wala si ujira. Aliyehitimu hakuajiriwa wodini. Alikwenda kutafuta kazi katika nyumba za watu binafsi, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanafunzi mwingine. Kwa hiyo katika hospitali nyingi za wakati ule mgonjwa alizungukwa usiku na mchana na magauni ya michirizi, na ile nyeupe tupu aliiona kwa nadra. Sare ilisema kweli, lakini kweli iliyosemwa na watu wote kwa pamoja haisikiki tena. Ripoti ya mwaka 1923 iliyoandaliwa na Josephine Goldmark ililieleza tatizo hilo bila kuficha: masomo ya mwanafunzi yalikuwa yakitolewa kafara kwa ajili ya mahitaji ya wodi.

Baya la pili lilikuwa gharama na kazi ya vazi lenyewe. Kofia na kola zilizotiwa wanga zilihitaji kufuliwa, kukaushwa na kupigwa pasi kwa ustadi. Mwanafunzi aliyetoka zamu akiwa amechoka alikaguliwa mikunjo ya aproni kama askari. Nidhamu hiyo ilikuwa na maana yake, lakini matroni aliyeweza kumrudisha msichana chumbani kwa sababu ya kola iliyolegea hakuulizwa kwa nini msichana huyo huyo aliachiwa wodi nzima usiku.

Ilihitajika vita kuu ya pili ya dunia ili serikali iuone mzigo wa mwanafunzi kuwa ni wa taifa. Mwaka 1943 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopewa jina la mbunge Frances Bolton wa Ohio, ikaanzisha jeshi la wanafunzi wauguzi. Aliyejiunga alilipiwa ada, vitabu na sare, akapewa na posho: dola 15 kwa mwezi katika miezi 9 ya kwanza, kisha 20, na mwishoni zisizopungua 30. Sare ya nje ilikuwa ya kijivu yenye mabega mekundu, pamoja na bereti iliyoigwa kwa jenerali Montgomery wa Uingereza. Mkononi ilishonwa nembo ya msalaba wa Malta. Sheria ilikataza ubaguzi wa rangi katika kuwapokea wanafunzi, jambo lisilokuwa la kawaida Marekani wakati ule, na zaidi ya vijana 120,000 walihitimu kupitia mpango huo. Vazi lililokuwa alama ya utumishi mwaka 1876 lilikuwa limegeuka kitu ambacho vijana walikifuata kwa hiari, kwa sababu safari hii aliyelilipia ni yule aliyelihitaji.

Kofia haikudumu. Wanaume hawakuwahi kuivaa, ingawa Bellevue yenyewe ilikuwa na shule ya wauguzi wanaume, Mills, tangu mwaka 1888. Na taaluma ambayo alama yake kuu haiwezi kuvaliwa na baadhi ya wanataaluma wake ina alama yenye kasoro. Isitoshe kofia ilinasa kwenye mirija na nguzo za dripu, haikufuliwa mara nyingi kama gauni, na wauguzi waliosoma vyuo vikuu waliiona kuwa salio la unyenyekevu wa kale. Katika miaka ya 1970 na 1980 ikatoweka wodini karibu kote Marekani. Shule ya Bellevue haikuwapo tena kuiona ikitoweka, kwani mafunzo yake yalikuwa yamehamishiwa Hunter College mwishoni mwa miaka ya 1960. Baada ya kofia na aproni zikaja skrabu, zilizotoka chumba cha upasuaji na kuvaliwa na kila mtu: muuguzi, daktari, mpiga picha za eksirei, msafishaji. Pamoja na wanga, ilitupwa pia ile lugha ambayo mgonjwa aliielewa.

Afrika Mashariki haikupokea mila hii kutoka New York, bali kutoka Uingereza, kwa njia ya hospitali za serikali ya kikoloni na za misheni. Maneno yenyewe yanashuhudia. Matroni na sista ni vyeo vya hospitali za Kiingereza, na sista limepata bahati ya pekee katika Kiswahili, kwa kuwa watawa waliouguza wagonjwa katika hospitali za misheni waliitwa kwa jina hilo hilo. Mzee wa kijijini amwitapo muuguzi sista, haijulikani kama anakumbuka cheo au utawa, na pengine yeye mwenyewe hatofautishi. Mikanda yenye bizimu, kofia nyeupe, sherehe ya kuwasha mishumaa na kiapo vilikuja kwa njia hizo za wageni. (Kiapo kinachobeba jina la Nightingale, kwa njia, hakikuandikwa naye, kilitungwa Detroit mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter.) Mengi ya hayo yangali hai katika vyuo vya ukanda huu, na hakuna ubaya. Sherehe humfunga mtu na kazi yake.

Ubaya uko mahali pengine. Kila chuo huchagua rangi kwa hiari yake, na hospitali kubwa ya rufaa hupokea wanafunzi wa vyuo vitano au sita kwa wakati mmoja. Rangi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja yaweza kuwa ndiyo rangi ya muuguzi aliyeajiriwa katika hospitali. Kitambulisho ni kadi ndogo inayoning'inia kwa kamba, ambayo nusu ya muda imegeuka nyuma, na ikigeuka mbele huwa imeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ambazo mgonjwa mwenye miwani iliyobaki nyumbani hawezi kuzisoma. Lugha ya alama imebaki, ila wanaoielewa ni wakufunzi peke yao.

Husemwa, na husemwa na watu wenye nia njema, kwamba mwanafunzi akitambulishwa waziwazi wagonjwa watamkataa, naye hatajifunza. Hoja hiyo ina hofu ya kweli ndani yake, lakini haiwezi kusimama. Ridhaa inayopatikana kwa sababu mgonjwa hakujua ni nani anayemhudumia si ridhaa. Aidha, yeyote aliyefanya kazi wodini anajua kwamba mgonjwa aliyeelezwa vizuri, mbele ya msimamizi, kwamba kijana huyu anajifunza na sitamwacha peke yake, mara nyingi hunyoosha mkono wake mwenyewe. Na wapo wanaoona fahari kwamba maradhi yao yamemfundisha mtu. Anayekasirika ni yule anayegundua baadaye.

Wengine hudai kwamba alama ya uanafunzi humdhalilisha kijana. Wanafunzi wa Bellevue nao waliogopa kudhalilishwa na sare. Lakini katika wodi yenye msongamano, anayedhalilika zaidi ni mwanafunzi asiyetambulika. Yeye ndiye anayeitwa na daktari mwenye haraka na kuagizwa kutoa dawa asiyoijua. Yeye ndiye anayeulizwa na ndugu wa mgonjwa kama mzee wao atapona, na kosa likitokea yeye ndiye anayetafutwa kwanza. Alama iliyo wazi humpa mwanafunzi ruhusa ya kusema "hilo sijafundishwa bado" bila kuonekana mzembe, na humnyima msimamizi nafasi ya kusema hakujua.

Kinachohitajika si kikubwa. Neno MWANAFUNZI, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka kutoka mwisho wa kitanda, lishonwe kifuani, lisitundikwe. Kwa wasiosoma, uwepo utepe wa rangi moja kwenye mkono wa nguo, rangi ile ile kwa vyuo vyote vinavyotumia hospitali hiyo, na mistari yake ihesabu miaka ya masomo kama zile tepe za kofia zilivyofanya. Mgonjwa anapopokelewa wodini, anapoonyeshwa choo na saa za kuona wagonjwa, aonyeshwe pia maana ya rangi. Hayo yanaweza kukubaliwa katika kikao kimoja cha wakuu wa vyuo na muuguzi mkuu wa hospitali. Likishindikana hilo, sababu haitakuwa fedha.

Fedha zinaingia mahali pengine, nako ni kwenye beseni la kufulia. Mwaka 2007 Uingereza iliagiza wahudumu wa hospitali zake wawe na mikono mitupu kuanzia kiwiko kwenda chini, bila saa wala mikono mirefu ya nguo, ili kunawa kuwe kwa ukamilifu. Ushahidi uliopo waonyesha kwamba sare hubeba vijidudu. Kwamba vijidudu hivyo hutoka kwenye nguo na kumwambukiza mgonjwa hakujathibitishwa vya kutosha, na mikono isiyonawishwa bado ndiyo hatari kubwa zaidi. Lakini mwongozo wa Uingereza wasema pia kwamba kufua kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 10 huondoa karibu vijidudu vyote. Mwanafunzi wa bweni anayefua kwa ndoo na maji baridi, katika beseni moja na nguo zake za ndani, hawezi kulifikia joto hilo, na pasi ya mkaa au ya umeme, ingawa husaidia, hutegemea mkaa na umeme. Sare zake ni mbili, alizonunuliwa na mzazi pamoja na viatu, kwa orodha iliyotumwa na barua ya kukubaliwa chuoni. Zamu ni siku sita. Katika msimu wa masika gauni lililofuliwa jioni halikauki hadi alfajiri, na mwanafunzi huamua kati ya kuvaa lenye unyevu au lile la jana.

Hospitali ile ile anayokwenda kuihudumia hufua kila siku mashuka ya vitanda na magauni ya chumba cha upasuaji kwa mashine. Magauni ya wanafunzi yakikusanywa jioni kwa majina na kurudishwa yakiwa yamefuliwa, mzigo utakaoongezeka katika mashine hizo ni mdogo kuliko mashuka ya wodi moja.